Picha Yako ya Kwanza Usiichome, Mdogo Wangu

Leo nazungumza na wachoraji. Nanyi msioshika brashi bakini hapahapa, maana mnaishi nao nyumba moja, na maneno yenu ndiyo yanayowavunja moyo au kuwatia nguvu.

Msichana mmoja ameniandikia. Anachora sura za watu kwa penseli na kwa rangi, anapokea oda za harusi na za mahafali, na wateja wanaridhika. Shida yake iko sebuleni kwa mama yake. Ukutani imetundikwa picha ya marehemu babu aliyoichora alipokuwa kidato cha pili. Jicho moja liko juu kuliko jingine, shingo imerefuka kupita kiasi, na kofia haijakaa kichwani, inaelea. Kila mteja anayekuja kuchukua kazi yake huanza kuitazama hiyo, na mwenye kuichora anatamani ardhi ipasuke. Amemwomba mama aitoe, mama amekataa. Sasa anauliza: akiishusha siku ambayo mama amesafiri, akaichoma, atakuwa amekosea?

Ndiyo, mdogo wangu, utakuwa umekosea. Nakujibu mapema kwa sababu kitu kikishaungua hakina rufaa. Sasa nikueleze kwa nini.

Siku ulipoichora ile picha uliiona nzuri, au angalau uliiona inatosha, ndiyo maana ulimpa mama. Mkono haukujua kupima, na jicho nalo halikujua kwamba kuna cha kupima. Leo unajua kwamba katikati ya macho mawili panaenea upana wa jicho la tatu. Unajua kwamba macho hukaa karibu katikati ya kichwa kizima, ila wanaoanza huyapandisha juu mpaka paji la uso likapotea. Unajua kwamba shingo hutokea nyuma kidogo ikielekea mbele, haisimami wima. Hayo yote umeyajua baada ya babu. Picha imekaa vilevile ilivyokuwa, ila mtu anayeitazama siye yule aliyeichora. Aibu unayoisikia inatokana na maarifa uliyoyapata kwa jasho, na ndiyo sababu nakuomba usiikimbilie na kiberiti.

Mimi pia ninayo ya kwangu. Ni picha ya shangazi yangu akiwa bibi harusi, na mikono yake yote miwili nimeifunika kwa kanga kwa sababu vidole vilinishinda. Shangazi ameitundika karibu na mlango mpaka leo. Nilipokuwa msichana nilikuwa nachagua kiti kinachoipa mgongo. Siku hizi nikienda kwake naisogelea, naitazama kwa utulivu, na naona kitu ambacho zamani sikukiona: mikunjo ya ile kanga nimeipatia. Kitambaa kinakaza begani, kinalegea kiunoni, kinashuka kwa uzito wake. Nilikuwa nakwepa vidole, na kwa kukwepa vidole nikakaa muda mrefu na kitambaa, na kuchora mavazi ndiyo kazi inayonilisha leo. Ningeichana ile picha nisingejua ni wapi nilianzia.

Hebu nikupeleke mbali kidogo. Vincent van Gogh wengi mnamjua kwa maua ya alizeti na anga la usiku lenye nyota. Alikata shauri kuwa mchoraji mwaka 1880, akiwa na miaka 27. Miaka mitano baadaye, mwaka 1885, akiwa katika kijiji cha Nuenen huko Uholanzi, alichora familia ya wakulima wanakula viazi usiku chini ya taa. Hakuikurupukia. Alikuwa amechora vichwa vya wakulima kwa makumi, mmoja baada ya mwingine, majira yale yote ya baridi. Kisha akamtumia rafiki yake, mchoraji Anthon van Rappard, chapa ya ile picha.

Jibu lililorudi lilikuwa kali mno. Rafiki alisema mkono wa mwanamke yule hauna ukweli, mkono wa mwanamume yule ni mfupi kupindukia, na mwili wa mtu yule hauna tumbo wala mapafu. Akauliza inakuwaje mtu anayedai kuiheshimu sanaa aifanyie kazi ovyo namna ile. Vincent aliikunja barua akamrudishia mwenyewe. Waliandikiana tena kwa muda, lakini urafiki wao haukuuona mwaka mwingine.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopindisha hadithi. Van Rappard hakuwa mwongo. Picha ile iko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lenye jina la Vincent, na hata leo ukiitazama utaona watu hawatazamani, utadhani kila mmoja amechorwa peke yake akaletwa mezani baadaye. Kasoro zipo. Lakini mwaka 1887, Vincent akiwa Paris, amezungukwa na wachoraji wenye rangi zinazong'aa, alimwandikia dada yake Willemien kwamba ile ya wakulima wanaokula viazi anaiona bado ndiyo bora katika kazi zake zote. Na mwaka 1890, miezi michache kabla ya kufa, akiwa amelazwa kusini mwa Ufaransa, alimwomba mdogo wake Theo amtafutie michoro yake ya zamani ya watu, kwa sababu alikuwa anafikiria kuichora upya familia ile. Mkono wake sasa ulikuwa umekomaa, na kitu alichokihitaji ili aende mbele kilikuwa ndani ya makaratasi ya miaka ile aliyokuwa bado anajifunza.

Kazi nyingi za miaka ile hazikuwa karibu tena. Alipoondoka Nuenen aliziacha kwa mama yake. Mama alipohamia mji wa Breda mwaka 1886, masanduku ya picha yakaachwa kwa seremala mmoja. Yakakaa huko miaka mingi, mpaka yakaangukia mikononi mwa mnunuzi wa vitu chakavu. Nyingine ziliuzwa kwenye mkokoteni kwa senti chache, nyingine zikaharibiwa kabisa. Inaniuma kila nikifikiria. Hakuna aliyekusudia ubaya. Waliona makaratasi ya kijana asiyejua kuchora, wakayachukulia hivyo.

Nirudi nyumbani. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Hakusoma shule ya sanaa. Alikuja Dar es Salaam kutafuta maisha, akafanya vibarua na kazi za nyumbani, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora kwa vitu alivyovipata dukani, yaani rangi za kung'aa za kupakia baiskeli na vipande vya mraba vya mbao za dari. Alichora mnyama mmoja, pengine wawili, na nyuma yao akaweka rangi tupu. Picha zikauzwa Oysterbay, pale Morogoro Stores, wanunuzi wengi wakiwa wageni. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayetoroka, akafa.

Hesabu mwenyewe. Tangu ashike rangi hadi anafariki ni kama miaka minne tu. Kwa hiyo kila picha iliyotoka mkononi mwa Tingatinga mwenyewe, popote ilipo duniani, ni kazi ya mwanzo. Hakupewa muda wa kuzeeka akazitazama tena na kuzionea haya. Mchoraji aliyesoma angeweza kumsahihishia wale chui na ndege, akampangia miguu na kumwekea vivuli, na tungepoteza kitu ambacho leo kinalisha familia nyingi Dar es Salaam na Zanzibar. Wanafunzi wake waliendelea alipoishia, na chama chao cha ushirika kiko hapohapo Oysterbay hadi sasa.

Naye mchoraji Sam Ntiro wa Machame, kwenye mlima Kilimanjaro, alifundishwa Makerere na Margaret Trowell, kisha akaenda Slade huko London, chuo kikubwa. Alirudi na elimu yake yote, na bado watu wake wa mlimani aliendelea kuwachora kwa maumbo mepesi, bila mbwembwe. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku ilinunuliwa na jumba la Museum of Modern Art la New York. Nakutajia huyu kwa sababu maalumu. Katika zile kazi unazozionea aibu, baadhi ya vitu ni udhaifu wa mkono, na vingine ni mkono wako wenyewe, ule usiofanana na wa mtu mwingine. Ukiwa bado kijana huwezi kuvitofautisha. Ukiteketeza vyote kwa pamoja, unaweza kuteketeza kile ambacho baada ya miaka 10 ungekitafuta kwa tochi.

Najua kuna atakayenijibu kwamba wapo wachoraji wakubwa waliochoma kazi zao. Ni kweli, wapo. Mmarekani John Baldessari, mwaka 1970, alipeleka picha zake zote za kati ya 1953 na 1966 zilizokuwa bado mikononi mwake mahali pa kuchomea maiti, zikachomwa. Majivu mengine akayatia kwenye unga wa biskuti, na biskuti zikawekwa kwenye maonyesho. Agnes Martin naye alizisaka kazi zake za zamani akaziharibu kila alipozipata. Sina ugomvi nao. Lakini Baldessari alikuwa anakaribia miaka 40, alishajua anaelekea wapi, na kule kuchoma kwenyewe alikufanya kuwa kazi ya sanaa aliyoitia sahihi. Wewe unataka kuchoma kwa sababu mteja mmoja amekunja uso. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Na mwaka huohuo wa 1970, Pablo Picasso, mzee wa miaka 88 aliyeweza kununua chochote, alifanya kinyume. Alilipatia jumba la makumbusho la Barcelona mamia ya kazi zake za utotoni na ujanani, zilizokuwa zimetunzwa nyumbani na familia yake miaka yote. Humo mlikuwa na vitabu vyake vya shule vyenye michoro pembezoni. Hakuzichuja akabakisha nzuri tu. Leo mtu akienda pale anamwona mtoto anayejifunza kuchora njiwa na miguu ya watu, chumba baada ya chumba, hadi anapokuwa Picasso.

Ukitaka kujua moto unachukua nini, waulize wachoraji wa Nairobi. Kituo cha Paa ya Paa, kilichoanzishwa mwaka 1965, kiliungua mwaka 1997, na kazi za watu wengi zikaangamia humo bila wenyewe kupenda. Mchoraji Elimo Njau, mmoja wa waanzilishi wake, na wenzake walianza tena kituo kikiwa majivu. Wewe unayo bahati ambayo wao hawakuwa nayo, kazi yako ingali ukutani.

Haya, turudi kwa mama, maana hapo ndipo penye kesi. Ile picha si mali yako tena, ulishampa. Umewahi kumuuliza kwa nini anaipenda? Muulize, umwache aseme bila kumkatiza. Huenda babu mwenyewe alikaa kitini ukimchora, akakuvumilia jioni nzima. Huenda ndiyo picha pekee ambayo mama anaamini ilifanywa kwa mapenzi, wala haimsumbui kwamba macho hayakulingana. Mzazi haangalii vipimo. Ukiichoma utakuwa umemchomea mama kumbukumbu ya baba yake, na hilo halilipiki hata kwa picha nzuri kiasi gani.

Ninachokushauri ni hiki. Chukua picha ya simu au ya pasipoti ya babu iliyobaki, mchore upya kwa mkono wako wa leo, kwa ukubwa uleule. Tundika hizo mbili pamoja, na chini ya kila moja weka kipande kidogo cha karatasi chenye mwaka. Mteja akiingia, huna haja ya kujieleza. Ataona ulipotoka na ulipo, na mtu mwenye kutoa hela yake anapenda kuona kwamba fundi wake hakuokota ujuzi barabarani.

Na mtu akiirusha picha yako ya zamani kwenye grupu la familia ili watu wacheke, jibu sentensi moja tu: ni yangu, niliichora nikiwa kidato cha pili. Usiongeze maelezo, usijitetee, usijitukane kabla hawajakutukana. Wachoraji wengi, hasa wasichana, wana tabia ya kuikashifu kazi yao wenyewe mbele za watu ili wengine wasipate nafasi. Acheni, jamani. Anayekusikia ukijiponda anakuamini, na bei yako inashuka palepale.

La mteja wa zamani nalo nilitilie mkazo. Yupo mtu aliyenunua kazi yako ulipokuwa hujulikani, labda kwa shilingi 5,000, akaitundika saluni au dukani kwake. Ukikutana naye leo usimwambie, "Ile mbaya, itoe nikupe nyingine." Unaiponda picha, lakini unayemvunjia heshima ni yeye: macho yake, hela yake, na imani aliyokuwa nayo kwako wakati hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Mshukuru. Muombe ruhusa uipige picha kwa kumbukumbu zako. Akitaka mwenyewe kubadilisha, hapo sawa.

Mpaka sasa nimesema habari za mkono dhaifu. Zipo aibu za aina nyingine, na kwa hizo sina upole wa namna hiyo. Kama ile kazi uliinakili kwa mchoraji mwingine ukaweka jina lako, kuificha kabatini hakutoshi. Elimo Njau alipinga kuiga kwa ukali maisha yake yote, na alikuwa na haki. Iondoe popote unapoitangaza, na kama uliiuza kwa jina lako, mwambie aliyenunua ukweli. Na kama ulichora katuni ya kumdhihaki mtu wa kweli, jirani mwenye ulemavu au mwenzako wa darasani, hapo usijifariji kwa maneno ya sanaa. Nenda ukamwombe radhi yeye, kisha ifuteni pamoja akitaka. Hizo zina mwenye kuumia, na mwenye kuumia ndiye anayeamua.

Kwa zile nyingine zote, tunza. Nyuma ya kila karatasi andika mwaka, mahali na ulichokuwa unajaribu, kwa penseli laini, maana wino wa kalamu hupenya ukatokea upande wa pili. Michoro ya penseli na mkaa ilaze, usiikunje, na kati ya mmoja na mwingine weka karatasi safi. Turubai ukilazimika kuikunja, izungushe rangi ikiwa upande wa nje, ikiwa ndani itajikunyata na kupasuka. Sisi wa Pwani unyevu ni adui mkubwa, kwa hiyo usiegemeze picha kwenye ukuta unaopigwa na mvua na usiifunge kwenye nailoni, itaota ukungu. Bara huko shida ni mchwa, inua boksi lisikae sakafuni. Kazi unayoiuza ipige picha kwanza, kivulini mchana, bila flashi. Simu zinaibiwa, weka nakala kwa mtu mwingine au kwenye barua pepe yako.

Halafu usikae nazo kila siku. Zitoe mara moja kwa mwaka, chagua moja, uichore upya. Ukiona mahali ambapo yule mtoto wa zamani alithubutu na wewe wa leo unaogopa, paandike, maana hapo pana kazi ya kufanya.

Neno langu la mwisho ni kwenu akina mama, mashangazi na kaka wakubwa. Mwisho wa mwaka wa shule mnakusanya madaftari ya watoto, mnayatoa kwa muuza karanga na maandazi ayafungie. Nawasihi, kabla hamjayatoa, yafunueni ukurasa kwa ukurasa. Mkikuta mtoto amechora bodaboda, mbuzi au mwalimu wake pembezoni mwa hesabu, daftari hilo libakizeni. Liwekeni kwenye bahasha moja na cheti chake cha kuzaliwa, na mwandike mwaka juu yake.